Jinsi ruzuku ya kodi inavyokokotolewa kwa wapangaji wa nyumba za kibinafsi Uingereza

KWA mfanyakazi wa Kenya, marupurupu ya nyumba ni fungu ambalo mwajiri huongeza kwenye mshahara ili limfae katika kulipia makao. Nchini Uingereza, msaada wa aina hiyo hutoka katika hazina ya serikali, na mtu huupata kwa sababu mapato yake hayatoshi, awe ana kazi au hana. Msaada huo ni ruzuku ya kodi ya nyumba, na kwa miongo minne umekuwa tegemeo la mamilioni ya wapangaji wa nchi hiyo, wakiwamo wahamiaji kutoka Afrika Mashariki waliokwisha kupata haki ya kuishi huko daima.

Hata hivyo, wengi wanaoomba ruzuku hiyo kwa mara ya kwanza hupigwa na butwaa wanapopokea barua ya majibu. Mpangaji anayelipa pauni 1,000 kwa mwezi huweza kuambiwa kwamba serikali inatambua pauni 850 pekee. Zile 150 zinazosalia ni juu yake. Sababu ni kuwa hesabu haianzi na kodi iliyoandikwa katika mkataba. Huanza na kiwango kilichowekewa eneo zima, kisha huangalia ukubwa wa familia, na mwisho hupima mapato na akiba. Asiyeuelewa utaratibu huo huweza kupanga nyumba ambayo hataimudu, akajikuta na deni na hatimaye notisi ya kuhama.

Ruzuku mbili, hesabu mbili

Ruzuku ya zamani, iitwayo Housing Benefit, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1982 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1988. Husimamiwa na halmashauri za mitaa, ingawa fedha zenyewe hutoka katika serikali kuu.

Mnamo mwaka 2013, serikali ilianza kuleta mpango mpya uitwao Universal Credit, ambao uliunganisha misaada sita, ruzuku ya nyumba ikiwa mojawapo, katika malipo mamoja ya kila mwezi. Mpango huo ulisambazwa eneo baada ya eneo, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 watu wengi walio katika umri wa kufanya kazi hawakuweza tena kupeleka maombi mapya ya ruzuku ya zamani. Wao hupata msaada wa kodi kama sehemu ya Universal Credit.

Ruzuku ya zamani iliachiwa hasa wazee waliofikia umri wa kustaafu, pamoja na watu wanaoishi katika makao ya muda au makao yenye uangalizi maalumu. Kwa hivyo, jambo la kwanza ambalo mwombaji hupaswa kulijua ni mlango upi wa kubisha: halmashauri ya mtaa kwa mzee, idara ya serikali kuu inayosimamia kazi na malipo ya uzeeni kwa kijana.

Licha ya tofauti hiyo, milango yote miwili hutumia kipimo kimoja cha kodi kwa wapangaji wa nyumba za kibinafsi. Kipimo hicho hujulikana kama Local Housing Allowance, na katika makala haya kitaitwa kiwango cha eneo.

Wapangaji wa nyumba za halmashauri na za vyama vya makazi wana utaratibu wao. Vivyo hivyo, wachache ambao wamekaa katika nyumba moja tangu kabla ya mwaka 1989, ambapo udhibiti wa kodi uliondolewa kwa mikataba mipya, huhesabiwa kwa njia nyingine.

Kiwango cha eneo hupatikana vipi

Uingereza imegawanywa katika maeneo ya soko la kodi. England pekee ina maeneo 152. Mipaka yake haifuati lazima mipaka ya halmashauri. Hufuata mahali ambapo mtu anaweza kuishi kwa kawaida huku akiwa na njia ya kufikia hospitali, shule, maduka na huduma nyinginezo. Ndiyo maana mji na vijiji vinavyouzunguka vinaweza kuwekwa katika eneo moja, hata kama kodi za mjini ni za juu kuliko za vijijini.

Katika kila eneo, maafisa wa serikali wa kodi za nyumba hukusanya habari za kodi ambazo wapangaji wa kibinafsi wanalipa kwa hakika. Orodha ya mwaka huchukua miezi 12 inayoishia Septemba. Kodi za wapangaji ambao tayari wanasaidiwa na ruzuku huachwa nje, ili serikali isiwe inapandisha bei kwa fedha zake yenyewe.

Nyumba hizo hupangwa kwa makundi matano: chumba katika nyumba ya kushirikiana, nyumba ya chumba kimoja cha kulala, ya vyumba viwili, vitatu na vinne. Kisha, katika kila kundi, kodi hupangwa kutoka ya chini kabisa hadi ya juu kabisa.

Ichukuliwe kuwa orodha ya nyumba za vyumba viwili ina kodi 100. Afisa huhesabu kutoka chini hadi afike ya 30. Kodi hiyo ya 30 ndiyo huwa kiwango cha eneo. Maana yake ni kwamba, siku kiwango hicho kinapowekwa, nyumba takriban tatu katika kila kumi zinaweza kulipiwa bila mpangaji kuongeza chochote. Saba zilizosalia ziko juu ya kikomo.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Kiwango cha eneo kilipoanza kutumika nchini kote Aprili 2008, baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 2003, kilichukua kodi ya katikati, yaani ya 50 katika orodha ya 100. Aidha, mpangaji aliyepata nyumba ya bei nafuu aliruhusiwa kubaki na ziada isiyozidi pauni 15 kwa wiki. Mwaka 2011, serikali iliyokuwa ikipunguza matumizi ilishusha kipimo hadi kodi ya 30, ikaondoa ile ziada, ikafuta kundi la nyumba za vyumba vitano, na kuweka dari ya taifa ambayo hakuna eneo lingeweza kuipita. Wakati huo dari hiyo ilikuwa pauni 250 kwa wiki kwa chumba kimoja, 290 kwa viwili, 340 kwa vitatu na 400 kwa vinne. Walioathirika zaidi na dari hiyo walikuwa wakazi wa katikati ya jiji la London, ambako kodi ni za juu kupindukia.

Tangu wakati huo, mpangaji analipwa kiwango cha eneo au kodi yake halisi, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Mwenye kodi ya pauni 700 katika eneo lenye kiwango cha 850 huhesabiwa 700. Mwenye kodi ya 1,000 huhesabiwa 850.

Familia huhesabiwa vyumba, si watu

Hatua ya pili ni kujua familia inastahili kiwango cha vyumba vingapi. Hapa nyumba ambayo familia inakaa haiangaliwi sana. Kinachoangaliwa ni nani wanaishi humo. Sheria hutoa chumba kimoja kwa kila mmoja kati ya hawa:

Mume na mke, au watu wawili wanaoishi kama mume na mke;

Kila mtu mwingine aliyefikia umri wa miaka 16;

Watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya miaka 16;

Watoto wawili walio chini ya miaka 10, hata wakiwa wa jinsia tofauti;

Mtoto mwingine yeyote anayebaki bila wa kuoanishwa naye.

Chumba cha ziada huweza kutolewa kwa mlezi anayelala hapo usiku ili kumhudumia mgonjwa au mlemavu, au pale ambapo ulemavu wa mtoto unamzuia kulala chumba kimoja na mwenzake. Hesabu hukoma katika vyumba vinne. Familia inayohitaji vyumba sita bado hupewa kiwango cha vinne.

Mfano unaweza kusaidia. Mama anaishi na mwanawe wa kiume wa miaka tisa na binti wa miaka saba. Kwa kuwa watoto wote wako chini ya miaka 10, wanatarajiwa kulala chumba kimoja, na mama anastahili kiwango cha vyumba viwili. Mvulana anapofikisha miaka 10, sheria haimtarajii tena kulala chumba kimoja na dada yake. Familia hiyo huanza kustahili kiwango cha vyumba vitatu, hata ikiwa haijahama. Kama kiwango cha vyumba viwili ni pauni 850 na cha vitatu ni 1,000, siku ya kuzaliwa ya mtoto huyo inaweza kumwondolea mama pengo la pauni 150 kwa mwezi. Mzazi asiyejua jambo hilo, au aliyeandikisha vibaya tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, hupoteza haki yake.

Kinyume chake pia hutokea. Kijana wa miaka 20 akihama kwa wazazi wake, chumba chake huondolewa kwenye hesabu na kiwango hushuka, ilhali mwenye nyumba hashushi kodi.

Walio chini ya miaka 35

Kundi linalobanwa zaidi na sheria hii ni la watu wasio na mwenzi wala mtoto ambao hawajafikisha miaka 35. Hao hupewa kiwango cha chumba katika nyumba ya kushirikiana, ambako jiko na choo hutumiwa na wapangaji kadhaa. Kijana wa miaka 30 anayeishi peke yake katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala hulipwa kana kwamba amepanga chumba tu. Sheria hiyo ilianza mwaka 1996 kwa walio chini ya miaka 25. Januari 2012 ikapanuliwa hadi miaka 35.

Wapo wanaosamehewa. Miongoni mwao ni walemavu wanaopata malipo fulani ya ulemavu, vijana wa chini ya miaka 25 waliolelewa na halmashauri, na baadhi ya watu waliowahi kukaa katika mabweni ya wasio na makao. Kwa upande mwingine, katika Universal Credit mtu wa miaka 40 ambaye kwa hiari yake anakaa katika nyumba ya kushirikiana huhesabiwa kiwango cha nyumba ya chumba kimoja cha kulala.

Mapato na akiba

Baada ya kiwango kujulikana, hatua ya tatu ni kupima uwezo wa mwombaji. Kwa watu walio katika umri wa kufanya kazi, akiba ya chini ya pauni 6,000 haiguswi. Ikizidi pauni 16,000, mtu hapati kitu. Iliyo kati ya viwango hivyo huchukuliwa kuwa inamletea mwenyewe mapato ya kila mwezi, hata kama haimletei: katika Universal Credit, kila pauni 250 zinazozidi 6,000 huhesabiwa kuwa mapato ya pauni 4.35 kwa mwezi. Kwa wazee walio kwenye ruzuku ya zamani, akiba isiyoguswa ni ya hadi pauni 10,000. Wazee maskini zaidi, ambao hupata nyongeza ya uzeeni inayowahakikishia mapato ya chini, hawawekewi kikomo cha akiba katika hesabu ya ruzuku.

Kuhusu mapato, ruzuku ya zamani hufuata njia hii. Sheria hutaja kiasi ambacho mtu wa hali fulani huhitaji kwa maisha ya wiki. Mapato yakiwa sawa na kiasi hicho au chini yake, hupewa ruzuku kamili ya kiwango chake. Yakizidi, senti 65 za kila pauni iliyozidi hukatwa kwenye ruzuku.

Ichukuliwe kuwa mzee wa miaka 74 anaishi peke yake katika nyumba ya kodi ya pauni 160 kwa wiki, na kiwango cha eneo ni 150. Mapato yake yanazidi kiasi cha mahitaji kwa pauni 40. Asilimia 65 ya 40 ni 26. Hivyo, 150 ukiondoa 26 ni pauni 124, na hiyo ndiyo ruzuku yake. Ili akamilishe kodi, atatoa pauni 36 mfukoni: 26 kwa sababu ya mapato yake, na 10 kwa sababu nyumba yake imepita kiwango cha eneo.

Katika Universal Credit, fungu la nyumba hujumlishwa kwanza na mafungu mengine, kama vile la matumizi ya mtu mzima na la watoto. Kisha mapato ya kazi huangaliwa. Wazazi na watu ambao afya yao inawazuia kufanya kazi kikamilifu huachiwa kiasi fulani cha mshahara kisichoguswa. Katika kila pauni inayobaki, senti 55 hukatwa. Kabla ya mwishoni mwa mwaka 2021, zilizokatwa zilikuwa senti 63.

Turudi kwa yule mama mwenye watoto wawili kabla mvulana hajafikisha miaka 10. Kodi yake ni pauni 1,000 na kiwango chake ni 850. Ichukuliwe kuwa mafungu yake mengine yanafikia pauni 1,250. Jumla ni 2,100. Anapata mshahara wa pauni 900 kwa mwezi, na kwa mfano huu 400 haziguswi. Katika 500 zinazobaki, asilimia 55 ni 275. Malipo yake yatakuwa 2,100 ukiondoa 275, yaani pauni 1,825. Hapo hataona pengo la nyumba likiandikwa popote. Hata hivyo lipo: pauni 150 za kodi zitatoka katika fedha zilizokusudiwa chakula na nguo za watoto.

Makato na dari

Mbali na hayo, mambo manne huweza kupunguza malipo zaidi.

Mosi, mtu mzima mwingine anayeishi humo, kama vile mwana aliyekua au ndugu, huchukuliwa kuwa anachangia kodi. Kiasi fulani hukatwa kwa ajili yake, awe anatoa mchango huo au hatoi. Wapo wanaosamehewa, kutegemea umri na hali ya mtu mzima huyo au ya mwombaji.

Pili, wapangaji wawili walioandikwa kwenye mkataba mmoja na ambao si mume na mke hugawiwa kodi, na kila mmoja huhesabiwa sehemu yake.

Tatu, gharama za umeme, maji, chakula na joto la nyumba, hata zikijumuishwa katika kodi, hazilipwi na ruzuku.

Nne, ipo dari ya jumla ya misaada ambayo familia inaweza kupata. Ilianzishwa mwaka 2013 ikiwa pauni 26,000 kwa mwaka, ikashushwa mwaka 2016, na tangu Aprili 2023 ikawekwa pauni 25,323 jijini London na 22,020 nje ya London kwa familia. Kwa mtu asiye na mwenzi wala mtoto ni 16,967 na 14,753. Wazee, baadhi ya walemavu, na watu wanaopata mshahara unaofikia kiasi kilichowekwa hawaguswi na dari hiyo.

Pengo linalozidi kupanuka

Kiini cha malalamiko ya wapangaji ni kwamba kiwango cha eneo hakiendi sambamba na soko. Kati ya mwaka 2016 na 2020 viwango viligandishwa. Aprili 2020, janga la corona lilipoingia, vilirudishwa kwenye kodi ya 30. Baadaye viligandishwa tena hadi Aprili 2024, vilipopandishwa kwa kutumia kodi za mwaka ulioishia Septemba 2023. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025 havikuongezwa.

Kila mwaka ambao viwango hugandishwa, wenye nyumba huendelea kupandisha kodi. Kwa hivyo ile ahadi ya nyumba tatu katika kumi hubaki kwenye karatasi. Mpangaji hupekua matangazo ya nyumba na kukosa hata moja iliyo ndani ya kikomo chake. Uzito huo huishia kwa halmashauri, ambazo kisheria zina wajibu wa kuzitafutia makao familia nyingi zilizofukuzwa.

Kwa dharura, halmashauri zimekuwa na fungu la malipo ya hiari, lililoanzishwa mwaka 2001, la kumziba mpangaji pengo kwa muda. England ilipanga kuliunganisha fungu hilo na mfuko mpya wa kusaidia walio katika dhiki kuanzia Aprili 2026. Msaada huo si haki ya kudai. Hutolewa kwa kadiri fedha zinavyopatikana, na aghalabu kwa miezi michache.

Kuna pia wenye nyumba ambao hukataa katakata wapangaji wanaotegemea ruzuku. Julai 2020, mahakama ya kaunti mjini York iliamua kuwa katazo la jumla la aina hiyo ni ubaguzi unaovunja sheria ya usawa, kwa kuwa huwaumiza zaidi wanawake na walemavu.

Mkenya aliye Uingereza

Kwa Wakenya, suala la kwanza hutangulia hesabu zote: je, mtu anaruhusiwa kuomba? Wengi wanaoingia Uingereza kwa viza ya kazi au masomo, wakiwamo wauguzi waliokwenda baada ya mkataba wa Julai 2021 kati ya nchi hizo mbili, huwekewa sharti la kutotegemea fedha za umma. Ruzuku ya nyumba na Universal Credit zimo katika orodha ya fedha hizo. Kuziomba bila kibali ni kuvunja sharti la viza, na kunaweza kuharibu maombi ya baadaye ya kuishi huko.

Mwenye uraia wa Uingereza au idhini ya kuishi bila kikomo hana sharti hilo kwa kawaida. Lakini hata yeye, akirejea baada ya kuishi ng'ambo, huenda akatakiwa athibitishe kuwa Uingereza ndiko makao yake ya kudumu. Mume mwenye haki anayeishi na mke asiye na haki anashauriwa atafute ushauri wa wakili au kituo cha ushauri wa bure kabla ya kuomba, kwa kuwa malipo yakiongezeka kwa sababu ya mke huyo, mke huwa amevunja sharti.

Jambo jingine ni nyumba ya ndugu. Katika jamii za Kiafrika si ajabu mtu kukaa kwa kaka yake na kumlipa kodi. Sheria ya Uingereza hairuhusu ruzuku kwa anayempangia jamaa wa karibu wanaoishi naye nyumba moja, wala kwa mkataba uliobuniwa ili kujipatia fedha za serikali.

Safari za nyumbani nazo zina mipaka. Anayetoka nje ya nchi hupoteza ruzuku ya zamani baada ya wiki nne, na Universal Credit baada ya mwezi mmoja. Akifiwa na jamaa wa karibu, muda huo huweza kuongezwa hadi wiki nane au miezi miwili. Aliyekuja kuzika Kisumu au Machakos akakaa miezi mitatu kutatua mambo ya urithi hurejea na kukuta malipo yamekatizwa na kodi imelimbikizana.

Kuomba na kukata rufaa

Chelewa chelewa utapata mwana si wako. Malipo ya kwanza ya Universal Credit huja takriban wiki tano baada ya kuomba, ingawa mwombaji anaweza kukopeshwa sehemu yake mapema. Anayeomba kwa kuchelewa hurudishiwa mwezi mmoja tu wa nyuma, tena akiwa na sababu nzito. Wazee hurudishiwa hadi miezi mitatu.

Fedha hulipwa mpangaji mwenyewe, naye humlipa mwenye nyumba. Madeni yakifikia kodi ya miezi miwili, mwenye nyumba anaweza kuomba alipwe moja kwa moja.

Asiyeridhika na uamuzi ana mwezi mmoja wa kuomba upitiwe upya, na baadaye anaweza kwenda mbele ya jopo huru la rufaa. Kiwango cha eneo chenyewe hakikatiwi rufaa. Kinachoweza kupingwa ni namna kilivyotumiwa: idadi ya vyumba, umri wa watoto, mapato na akiba zilizoandikwa, au eneo ambalo nyumba imewekwa kimakosa.

Kwa sababu hiyo, wakati wa kupiga hesabu ni kabla ya kutia sahihi mkataba. Viwango vya kila eneo hutangazwa hadharani, na mtu yeyote anaweza kuvitazama kwa kutumia anwani ya nyumba anayoitamani. Mpangaji akishajua kiwango cha vyumba anavyostahili, hulinganisha na kodi anayotajiwa, na tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo fedha ambayo hakuna ofisi itakayomlipia.